Krismasi Bila Theluji: Filamu za Sikukuu za Kariakoo

Naijua Desemba ya Kariakoo ya Dar es Salaam. Mtaa wa Kongo haupitiki, magari ya Msimbazi yanasogea kwa kusukumana, na kila mwenye fremu anauza nguo za sikukuu za watoto mpaka usiku. Aliyeacha biashara mwezi huu ili asikilize mhadhara amenikopesha kitu cha thamani, nami nitajitahidi kulipa.

Mada niliyopewa ni filamu za kutazama msimu wa Krismasi. Orodha za filamu hizo zimejaa duniani, na karibu zote zina theluji, mti wa msonobari na mzee mwenye ndevu nyeupe. Mimi sikuja na orodha. Nataka tuulizane sisi kwa sisi: hapa ambapo Krismasi ni joto, jasho na umeme unaoweza kukatika pilau ikiwa jikoni, tumekuwa tukitazama nini siku hiyo? Tulizipata wapi picha hizo, na kwa nini tumezipenda? Jibu langu nalitoa mapema ili mpate kulipima tunavyokwenda. Filamu haizaliwi ikiwa ya Krismasi. Watu ndio wanaoifanya iwe ya Krismasi, kwa kuirudia mwaka hadi mwaka wakiwa pamoja. Watu wa jiji hili wameifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na hawajashukuriwa na mtu.

Nianzie mbali kidogo. Wamarekani wana filamu moja wanayoitukuza sana wakati huu wa mwaka, It's a Wonderful Life, iliyoongozwa na Frank Capra ikatoka mwaka 1946. Ilipotoka haikuingiza fedha zilizotarajiwa, ikawekwa kando. Mwaka 1974 hakimiliki yake ilifika ukomo na haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikaona hapo pana picha nzuri inayoweza kuonyeshwa bila malipo. Vikaionyesha kila Desemba, asubuhi na usiku, mpaka kizazi kizima kikakua nayo. Aliyeitazama akiwa mtoto aliitazama tena na wanawe. Hivyo ndivyo picha iliyokwama sokoni ilivyogeuka kuwa sehemu ya sikukuu.

Hadithi yake nayo ina nguvu, na naomba niikalie kidogo kwa sababu hapa kwetu haijulikani inavyostahili. George Bailey anaendesha chama cha kukopesha watu wa mji mdogo fedha za kujengea nyumba. Mkesha wa Krismasi dola 8,000 za chama zinapotea mikononi mwa baba yake mdogo, na George, akiona gereza liko mbele yake, anasimama darajani akitaka kujiua. Mwishoni majirani wanaingia nyumbani kwake mmoja baada ya mwingine, kila mtu na alichojaliwa, wanamwaga fedha mezani mpaka pengo linazibika. Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji mtu wa kumweleza hofu ya fedha za watu kupotea, wala hahitaji kuelezwa majirani wanaingiaje na noti mkononi. Anaujua upatu, anavijua vikoba, ameandikwa kwenye daftari la mchango wa harusi na la mchango wa msiba. Ninaamini picha ile ingepata msimuliaji wa Kiswahili katika miaka ya mikanda ya video, tungekuwa tunaitaja leo pamoja na zile tunazozijua.

Sasa turudi mjini kwetu. Wazee waliomo humu watayakumbuka majumba ya sinema ya katikati ya jiji: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Kule Msasani palikuwa na Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambapo watu waliegesha magari na kutazama sinema chini ya anga. Kiwanja hicho leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya sinema Tanzania, Reel Pleasures, kilichotoka mwaka 2018, na anaonyesha jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kusoma: sinema katika miji ya pwani ilikuwa shughuli ya familia na ya mtaa mzima, na sikukuu ndiyo iliyojaza viti. Idi ndiyo iliyokuwa kilele. Mtoto alipewa fedha ya sikukuu, akavaa nguo mpya, akatoka na wenzake, na fedha ile ikaishia kwenye tiketi na kitu cha kutafuna. Krismasi na Mwaka Mpya vikafuata njia hiyo hiyo.

Waliokulia Kariakoo walikwenda kwa miguu. Ulivuka Mnazi Mmoja, kile kiwanja ambacho wakoloni walikiacha wazi kutenganisha makazi ya Waafrika na mji wa Wahindi na Wazungu, ukaingia upande wa pili kwenye taa na mabango ya sinema. Picha iliyokusubiri mara nyingi ilikuwa ya Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa katika pwani hii kwa namna ambayo filamu chache zimewahi kupendwa, na watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo zake. Ndani ya Awara hakuna Krismasi hata kidogo. Kuna baba aliyemfukuza mkewe mjamzito kwa sababu ya shaka, na mtoto aliyekulia mtaani akisubiri haki yake. Jambo hilo watu walilijua, wakalia nalo, wakarudi wiki iliyofuata.

Majumba yale yalififia. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Katika pengo hilo, hasa baada ya biashara kuanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, ndipo deki za video na mikanda zilipoingia, na ndipo banda la video lilipozaliwa.

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo penye moyo wa mada yangu.

Banda la video, kibanda umiza, kila mtu wa rika langu analijua. Mabati juu, mbao au magunia pembeni, nailoni nyeusi ya kuzuia mwanga, mabenchi yasiyo na mgongo, na mbele televisheni moja iliyowekwa juu sana ili wa nyuma waone. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha na saa zake, mara nyingi kwa tahajia ya mwandishi mwenyewe. Siku ya Krismasi ubao huo ulianza kuandikwa asubuhi, kwa sababu mwenye banda alijua watoto wakitoka kanisani na kula pilau watakuja na sarafu mkononi. Na hawakuja watoto wa Kikristo peke yao. Katika mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni sikukuu ya mmoja ilikuwa ya wote: sahani ya pilau ilivuka ukuta, na watoto wa nyumba zote walikutana kwenye benchi moja. Idi ilipofika, mambo yakawa vilevile kwa upande wa pili. Nalisema kwa uzito kwa sababu mtu akiniuliza ni wapi hasa tulijifunza kukaa pamoja, nitamtajia shule, uwanja wa mpira na banda la video.

Na kwenye ubao ule kulikuwa na nini? Commando ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985. Rambo. Bruce Lee katika Enter the Dragon ya mwaka 1973, bado akitazamwa baada ya miaka mingi kama ametoka jana. Van Damme katika Bloodsport. Hakuna kengele wala malaika katika picha hizo. Kuna stelingi anayedhulumiwa, anavumilia, kisha anamfuata adui mpaka mwisho, na banda zima linasimama kupiga makofi. Hizo ndizo filamu za Krismasi za maelfu ya watu wa jiji hili. Mtu mzima wa Kariakoo leo akisikia muziki wa Commando, anakumbuka harufu ya pilau na viatu vipya vinavyobana. Mnaweza kumnyima filamu hiyo jina la filamu ya Krismasi kwa kigezo gani?

Kitu kikubwa zaidi kilichotokea mle ndani kilikuwa sauti. Derek Gaspar Mukandala, ambaye mji ulimjua kwa jina la Lufufu, alichukua picha za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Alipunguza maneno ya kigeni, akaingiza yake, akaeleza nani ni nani, akatangulia mbele ya mkasa na kurudi nyuma, akatoa ushauri kwa stelingi na onyo kwa adui. Kanda alizozisimulia zilizunguka katika maktaba za video na mabanda. Wasimuliaji wengine wakafuata, DJ Mark akiwa miongoni mwa waliotajwa sana. Wakenya wanaye DJ Afro, na Waganda wana wasimuliaji wao wanaowaita VJ. Wasomi wa Kijerumani, Matthias Krings na Claudia Böhme, wamekuja Dar es Salaam kuisoma sanaa hii na kuiandikia makala na vitabu. Wapo wanaoona kwamba usimulizi ule uliharibu filamu. Mimi sikubaliani nao. Msimuliaji alifanya kazi ya bibi anayehadithia wajukuu: hadithi ni ya kale, sauti ni ya nyumbani, na kila msikilizaji anaondoka akiwa ameelewa. Bila yeye, wengi mle bandani wangeona midomo ikichezacheza tu.

Sasa nije kwenye filamu ya Krismasi yenyewe, ile ambayo hata mtu asiyefuatilia sinema ameiona: Home Alone, ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Chris Columbus, na Macaulay Culkin akicheza kama Kevin. Ina theluji tele, ina nyumba kubwa ya kifahari karibu na Chicago, na watu wake wanapanda ndege kwenda Paris kwa mapumziko. Ukitazama juujuu utasema haituhusu. Ukitazama kwa makini utaona ni picha ya Desemba ya Dar es Salaam.

Fikirini. Familia kubwa imelala nyumba moja usiku wa kuamkia safari: baba mkubwa, shangazi, binamu, mizigo mlangoni, kelele, mtoto mmoja anaonekana kero na anapelekwa kulala peke yake juu. Usiku umeme unakatika, saa haiwaamshi, asubuhi wanachelewa. Kila mtu anakimbia. Anayehesabu watoto anamhesabu na mtoto wa jirani aliyekuwa akichungulia mizigo, hesabu inatimia, magari yanaondoka, na Kevin amebaki ndani. Nani katika ukumbi huu hajaona asubuhi kama hiyo tarehe 22 au 23 Desemba? Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wana asili ya Kilimanjaro, na mwezi huu wanafunga maduka na kupanda kwenda Moshi, Rombo, Machame na Marangu. Gari linapakiwa usiku, watoto wanabebwa wakiwa na usingizi, na mama anauliza kwa mara ya tatu kama jiko limezimwa.

Halafu wezi. Harry na Marv wanajua ni nyumba zipi zitabaki tupu sikukuu, wanaziandama moja baada ya nyingine. Jambo hilo si geni kwetu. Kila Desemba nyumba nyingi za jiji hili zinaachiwa mlinzi, kijana wa kazi au jirani mwenye funguo, na kila Januari kuna aliyerudi akakuta mlango umevunjwa. Mtazamaji wa mtaa wa Gerezani alicheka mitego ya Kevin, chuma cha moto kwenye kitasa na makopo ya rangi yanayoshuka ngazini, lakini chini ya kicheko kulikuwa na haja ya kweli: kumwona mwizi wa sikukuu akiumbuliwa. Na kwamba anayemwumbua ni mtoto mdogo, hilo pia tulikuwa nalo tayari. Sungura wa hadithi zetu amewashinda simba na fisi tangu kabla ya sinema kuwepo. Kevin aliingia kwenye nafasi ya sungura, na watoto walimpokea bila kuuliza anatoka wapi.

Kuna sehemu moja watu huisahau. Mkesha wa Krismasi Kevin anaingia kanisani, kwaya ya watoto inafanya mazoezi, na anakutana na mzee Marley, jirani ambaye mtaa mzima ulimzushia kuwa muuaji. Mzee anamweleza kwamba amegombana na mwanawe, hawasemezani, na amekuja kumwona mjukuu wake akiimba kwa sababu nyumbani kwa mwanawe hakaribishwi. Mtoto anamwambia ampigie simu. Basi. Kwangu hapo ndipo picha inapostahili kuitwa ya Krismasi. Katika familia zetu Desemba ndio mwezi wa kupatana: ndugu waliogombea shamba, baba aliyemkataa mkwe, binti aliyekwenda mjini akanyamaza. Wazee wanasubiri watoto wakusanyike ndipo waitishe kikao. Mkiitazama Home Alone mwaka huu na watoto wenu, msiikimbize sehemu hiyo ili mfike kwenye mitego.

Nitataja kwa ufupi picha nyingine ambayo kwa hesabu ya watu walioiona huenda imezipita zote: filamu iitwayo Yesu, ya mwaka 1979, iliyotengenezwa kwa kufuata Injili ya Luka na kutafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000 za dunia, Kiswahili kikiwemo. Ilionyeshwa kwenye viwanja vya makanisa na vya shule, shuka jeupe likiwa limefungwa kati ya nguzo mbili na jenereta likinguruma pembeni. Kwa watu wengi wa vijijini hiyo ndiyo filamu ya kwanza waliyoiona maishani. Kwa kuwa Luka anaeleza kuzaliwa, hori na wachungaji, ilifaa Krismasi. Kwa kuwa anaeleza msalaba, ilifaa Pasaka. Ikawa inatumika mara mbili kwa mwaka.

Lakini sinema iliyotazamwa na watu wengi wa Kariakoo mwezi Desemba wala haikuwa kwenye banda au kanisani. Ilikuwa ndani ya basi. Basi la kwenda Moshi linaondoka alfajiri, zamani likitokea Ubungo na siku hizi kituo cha Magufuli kule Mbezi. Likishapita Chalinze kondakta anaweka muvi kwenye skrini ya mbele, na kuanzia hapo mpaka Segera, Korogwe, Mombo na Same abiria wote, wenye mapenzi na wasio na mapenzi, wanatazama kitu kimoja. Mara nyingi ni Bongo Movie. Filamu zetu zilizoea kuuzwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, na safari ile ndefu ilitosha kwa zote mbili na nyingine juu yake. Mama wa kiti cha mbele anamlaani mke wa pili, kijana wa nyuma anamtetea, mzee anasema kosa ni la mume, na wakishuka Korogwe kula ubishi unashuka nao. Sijui ukumbi wa sinema ulio hai kuliko huo. Mkosoaji wa filamu anayetaka kujua kazi ya Kitanzania imegusa nani na wapi, namshauri apande basi hilo tarehe 22 Desemba na kalamu mkononi.

Katika mabasi hayo na katika sebule zetu watu walioshika Desemba kwa miaka walikuwa wawili. Mmoja ni Amri Athuman, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Vichekesho vyake vilifaa sikukuu kwa sababu babu, mama na mtoto wa darasa la pili waliweza kuvitazama pamoja bila mtu kuona aibu ya kukaa sebuleni. Mwingine ni Steven Kanumba. Alizaliwa Januari 1984, na kwa umri mdogo alitupeleka mbali: Dar 2 Lagos, ya mwaka 2006, iliwakutanisha waigizaji wetu na wa Nigeria katika picha moja. Watu husifu sana filamu zake za mapenzi na machozi. Mimi naiweka juu Uncle JJ, aliyoicheza na watoto wadogo, kwa sababu ni picha ya nyumbani na ya kucheka, na inaonyesha alivyojua kumwachia mtoto nafasi mbele ya kamera. Alifariki Aprili 7, 2012, siku moja kabla ya Pasaka. Sikukuu ile nyumba nyingi ziliwasha filamu zake kwa majonzi, na watu waliofurika Leaders Club kumuaga walionyesha kwamba nchi ilikuwa imempata mwigizaji wa kuihuzunisha yote kwa wakati mmoja.

Sasa tuseme ukweli juu ya namna tulivyozipata picha hizi, maana tuko Kariakoo na Kariakoo ndiyo iliyoziuza. Baada ya mikanda zilikuja sidii na dividii, na pamoja nazo zile diski zilizobeba filamu kumi, ishirini na zaidi, kava moja likiwa na nyuso za waigizaji wote zimebanana. Zilikuwa na mkusanyiko wa Rambo, wa Kihindi, wa katuni, na Desemba wa Krismasi. Baadaye zikaja flashi: unampelekea kijana mwenye kompyuta, anakujazia muvi kwa bei ya soda, unaondoka. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na sikukuu ile ving'amuzi vikawa moja ya bidhaa zilizotafutwa sana Kariakoo. Njia zikazidi kuongezeka.

Njia hizo ziliwalisha watazamaji na kuwaacha wasanii na njaa. Nchi ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu, lakini kazi halali iliyolipiwa kila kitu iliuzwa meza moja na ya kudurufu ambayo haikulipiwa chochote. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana hapa hapa Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa bila stempu. Nilikuwa upande wao katika malipo, na bado niko. Katika kutaka filamu za nje ziondolewe sokoni, hapana. Mtazamaji aliyelelewa na Awara, Bruce Lee na Kevin hatakubali kufungiwa dirisha, na wala hana sababu ya kukubali. Atakuja kwenye filamu ya nyumbani kama filamu hiyo itasema habari zake.

Hapo ndipo nina deni la kudai. Tazameni Lagos. Huko Desemba ni msimu wa mavuno wa filamu za kienyeji. Funke Akindele alitoa Omo Ghetto: The Saga siku ya Krismasi ya mwaka 2020, na filamu yake A Tribe Called Judah, iliyotoka Desemba 2023, ikawa ya kwanza ya Nigeria kuvuka mapato ya naira bilioni moja kwenye kumbi za nchi hiyo. Kunle Afolayan alitengeneza A Naija Christmas mwaka 2021. Afrika Kusini wana How to Ruin Christmas, tamthilia iliyoanza mwaka 2020, inayohusu familia inayokutana sikukuu na kugombana mpaka wakapatana. Hawakuagiza theluji. Walichukua joto lao, shangazi zao, mahari zao na magomvi yao, wakayawekea taa.

Sisi tumekuwa na waigizaji tangu kabla ya Uhuru. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza kama mhusika mkuu katika Muhogo Mchungu mwaka 1952. Siku hizi tuna waongozaji wenye uwezo wa kushindana popote. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilitoka mwaka 2021 na kuzunguka matamasha ya dunia. Tuna chaneli za Kiswahili zinazohitaji filamu kila siku. Na hadithi ya Desemba yetu iko wazi mezani. Kuna mfanyabiashara wa Mtaa wa Aggrey aliyepoteza mtaji Novemba na bado kijijini wanamsubiri kama tajiri. Kuna kijana wa kazi aliyeachiwa nyumba Tabata. Kuna mjomba aliyerudi baada ya miaka na mwanamke ambaye hakuna anayemjua, kuna mbege inayochachuka na kikao cha ukoo kitakachoanza saa nne asubuhi. Filamu za namna hii kwetu ni haba mno, na sioni sababu ya kuridhisha.

Ninawaomba basi watayarishaji waliomo humu: andikeni muswada wa Desemba, mpige picha mwezi huu huu wakati Mtaa wa Kongo umejaa na stendi ya Mbezi imefurika, mtoe kazi mwakani. Wenye vituo vya televisheni, filamu ya nyumbani mkiipata irudieni kila Krismasi kwa malipo halali, bila kuchoka, maana ni kurudiwa ndiko kutakakoiingiza kwenye familia. Wauzaji wa Kariakoo, mnamjua mteja kuliko mtu yeyote. Semeni na wasanii, muuze kazi iliyolipiwa.

Ombi la mwisho ni kwa kila mmoja. Mikanda ya VHS inaharibika kwa unyevu wa pwani, na sauti za Lufufu na wenzake nyingi zimo humo tu. Mwenye mikanda hiyo stoo au uvunguni asiitupe wakati wa usafi wa sikukuu. Aipeleke Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, awaombe wainakili kabla haijafutika. Na wakuu wa taasisi hizo, atakapofika mtu na sanduku lake mlangoni, mpokeeni.